Pia

Jina lake la shuleni lilikuwa Mfaume Nampembe,
ila aliyelitumia ni karani wa zahanati tu,
na sasa huyu aliyeandika kibao cha kaburi
kwa rangi iliyobaki ya mlango.
Sisi tulimwita Pia.
Ndiyo maana habari ilipofika sokoni Mkuti,
mtu aliposema, "Pia amefariki,"
muuza mihogo aliuliza, "Pamoja na nani?"
Ikabidi aelezwe.
Akaacha mafuta yaungue.

Hakuwahi kutwaa kombe. Hilo lisemwe mapema,
kabla hajatokea mjuaji wa kuhesabu pointi.
Timu yake iliitwa Salfa, kwani ikipita lazima macho yatoe machozi,
na ilicheza msimu wa malipo tu, korosho zikishauzwa:
Tandahimba, Newala, Mangaka, Nachingwea.
Pasipo na goli walisimika lao,
rimu ya baiskeli iliyochomelewa kwenye nondo.
Upande wa pili walikuwa walimu,
wamelipwa washindwe.

Mangaka aliuzungusha mpira kidoleni
mpaka mistari yake ikapotea,
akauhamishia kwenye ncha ya mpini wa jembe,
na jembe akampa bibi mmoja wa mbele:
"Nishikie, nakwenda chooni."
Akaenda kweli.
Bibi hapumui. Uwanja haupumui.
Akarudi anafunga kamba ya bukta:
"Bado tu? Nyie watu mna subira."

Lakini sisi wa Masasi tunaitaja siku ya mizani.
Aliiazima ghalani, akauweka mpira juu yake,
akamgeukia karani wa kujifanya:
"Kata unyevu.
Kata gunia. Kata kamba.
Kata mchango wa dawati.
Kata na upepo uliomo ndani, si wangu."
Mwisho akapiga hesabu kwa vidole, akashika kichwa:
"Jamani, mimi ndiye nadaiwa na mpira!"
Tulicheka tukaangukiana.
Mwenyekiti wa chama alikuwa anatazama viatu vyake.

Matangani ukazuka ubishi. Mkono gani?
Wa kulia, wakasema waliokaa upande wa shule.
Kidole cha kati, wakasema wengine,
na wawili nusura wamwagiane chai.
Ndipo Chande Mtipa, aliyemwosha,
mtu asiyesimulia ya maiti hata umpe nini,
akaweka kikombe chini.
"La aibu hulisitiri. Hili si la aibu.
Ni wa kushoto. Cha shahada.
Ukucha umelika, umekuwa bapa
kama kisu cha kubangulia."
Halafu, kana kwamba amejuta:
"Mkono huohuo alichapwa utotoni asilie nao ugali."

Mwalimu Chinduli hakubisha.
Alifungwa misimu kumi na tisa kwa soda na nauli.
Alisimama kando ya mtungi, akasema, bila kuulizwa,
kwamba mwaka mmoja Nachingwea alichoka.
Alichoka tu. Akampokonya mpira, kweli kweli.
Uwanja ukanyamaza.
Pia akampigia makofi, akamwinua mkono juu,
na palepale, chini ya kwapa lake, akamnong'oneza:
"Sasa nirudishie, Mwalimu.
Watoto hawa wametembea kutoka Lukuledi."
"Nikamrudishia," anasema.
"Mpaka leo sijui kama siku ile nilishinda."

Jioni Somoe, mkewe, akatoa mpira uvunguni.
Umenywea, una vumbi la buibui.
Akauliza nani anautaka.
Tukatazama mikeka.
Akaurudisha alikoutoa, akausukuma kwa mguu, taratibu,
kama unavyomsogeza mtoto aliyelala.

Kwenye njia ya kurudi, gizani, hatukuzungumza.
Mbele yangu fundi cherehani, mtu mzima, ana wajukuu,
alikuwa ameinua kidole cha kushoto
anakitazama.
Mimi pia.